Mtaala mpya: chama cha walimu ni cha mishahara tu?

Mzazi wa Kibaha: Wadau, kwa mtaala mpya shule ya msingi inaishia la sita: walioingia darasa la tatu 2024 wanamaliza 2027, sambamba na wa mtaala wa zamani wanaomaliza la saba. 2028 kidato cha kwanza kinapokea madarasa mawili kwa mpigo, na binti yangu yumo. Je, CWT, yaani Chama cha Walimu Tanzania, isimamie na hili, au yake ni maslahi tu?

Chaki: Chama cha kugawa fulana za Mei Mosi ndicho kisimamie mtaala? Asilimia 2 ya mshahara inakatwa kila mwezi, na asiyejiunga anakatwa vilevile, wanaita ada ya uwakala.

Mama Tumaini: Chaki, hapo kwenye fulana umenichoma. Mimi ni mwakilishi wa walimu shuleni kwetu. Furushi la fulana nimelipakata kwenye basi saa tatu nzima, na saizi kubwa zilipoisha nikamvulia mwenzangu ya kwangu. Mwalimu akifiwa, anayezunguka kukusanya rambirambi ni mimi. Usitudharau.

Chaki: Dada, sikukusema wewe. Piga hesabu: mshahara wa 800,000, makato 16,000. Mwaka ni 192,000. Fulana ni shilingi ngapi?

Mzee wa Zamu: Wadogo zangu, mmesahau 2012. Tuligoma mwishoni mwa Julai, tukidai nyongeza ya mshahara ya asilimia 100 na posho ya kufundishia. Haikupita wiki, Mahakama Kuu Kitengo cha Kazi ikasema mgomo ni batili, tukarudi kushika chaki. Msiseme chama hakijawahi kuthubutu.

Chaki: Mzee shikamoo. Ndicho ninachosema! Tuligomea posho. Msongamano darasani tuligomea lini?

Mama Tumaini: Kwani posho ya kufundishia inalipwa wapi kama si kwa kazi ya darasani?

Mwalimu wa Awamu: Shuleni kwangu kiongozi cha mwalimu, kile kitabu cha kutuelekeza kufundisha mtaala mpya, ni kimoja, tunapokezana watatu. Jalada limeshatoka, tumeshonea uzi. Hilo mwakilishi alipeleke wapi?

Mzazi wa Kibaha: Jamani, na 2028? Madawati? Walimu?

Mama Tumaini: Kiongozi hicho nitakibeba Jumamosi kwenye kikao cha wilaya, na uzi wake. Chaki, utakuja?

Chaki: Nakuja. Ila hesabu za fulana zisomwe kwanza.

Mama Tumaini: Bado tu fulana!