Vita ya Kongo imeshafika ziwani, boti za Kibirizi, Kigoma, zisimamishwe au ziachwe?

KATUBUKA MOJA
Wakuu habari za saa hizi. Naomba tujadili hili bila matusi. Waasi wa M23 wa mashariki ya Kongo walichukua Goma Januari 2025, Februari wakachukua Bukavu, Desemba mwaka huohuo wakaingia Uvira, na hiyo ya Uvira ilikuwa siku chache tu baada ya Tshisekedi wa Kongo na Kagame wa Rwanda kusaini makubaliano ya amani Washington tarehe 4 mbele ya Trump. Baadaye wakatangaza wanatoka Uvira kwa kubanwa na Wamarekani, sawa, lakini wote tumeona ilivyokuwa rahisi kufika. Uvira iko kwenye Ziwa Tanganyika hilihili tunalooga sisi. Mimi naona kipindi ambacho kuna mapigano pwani ile, boti za mbao za abiria kutoka upande wa Kongo zisimame kwa muda, mizigo ipite bandarini kwa ukaguzi, na jeshi letu badala ya kwenda kufia milima ya watu likae ziwani. Sijasema tufukuze mtu, nasema tujue nani anashuka. Mnaonaje?

NAHODHA 40
Katubuka inaonekana hujawahi kula kwa ziwa. Boti zikisimama pale mwaloni anayelala njaa sio M23, ni kuli, ni mama lishe, ni muuza mafuta wa madumu, ni yule aliyekopa magunia ya chumvi ya Uvinza akijua ataimalizia mji wa Baraka kule Kongo. Boti zinaondoka na saruji na unga na sabuni, zinarudi na mawese na vitenge na watu, na hao watu kipindi kile cha Uvira nimewaona kwa macho yangu. Kuna mama alishuka na godoro limeviringishwa limefungwa kwa kitenge, katikati ya godoro kachomeka sufuria mbili na madaftari ya shule, mtoto wake wa miaka kama sita amekumbatia betri ya sola, kila ukimwambia lete nikushikie anarudi nyuma. Huyo ndo unataka boti yake isimamishwe? Isimame wapi, ziwa lina kina karibu kilomita moja na nusu.

KATUBUKA MOJA
Nahodha soma nilichoandika. Sijasema arudishwe majini. Anayekimbia vita apokelewe, aandikwe, apelekwe kambi ya Nyarugusu kama wenzake tangu 1996. Ninayemwongelea ni yule anayeshuka usiku mwalo usio na afisa hata mmoja.

JICHO LA TAI
Mnajadili boti za mbao wakati vita zimeshahama huko. Angalieni Bahari Nyeusi, Ukraine haina meli kubwa za kivita lakini Februari 2024 iliizamisha Ivanovets ya Urusi kwa boti ndogo zisizo na rubani zilizojazwa mabomu, na Moskva yenyewe ilizama Aprili 2022 kwa makombora yaliyorushwa kutoka nchi kavu. Sasa ukiniambia jeshi likae ziwani, likae na nini? Boti ya doria yenye bunduki moja mbele ni shabaha tu. Halafu siku hizi kuna vidroni vya kamera vinavuta uzi mwembamba wa faiba nyuma, huwezi kuvizuia kwa kuvuruga mawimbi kwa sababu havitumii mawimbi. Kongo yenyewe inarusha droni za CH-4 za Mchina. Tuulizane kwanza tuna kinga gani ya anga huku Kigoma.

KIJANA WA GUNGU
Jicho kaka yangu, kila mada lazima utupeleke Ukraine. Nani kaleta boti ya mabomu Ziwa Tanganyika? Huku tunahangaika na bunduki moja ikishuka ndani ya gunia la mihogo inaishia porini kwa watekaji wa mabasi, basi. Hiyo ndo vita yetu. Wanaopita njia ya Kibondo na Kakonko wanaelewa, kuna miaka mabasi yalikuwa hayatembei mpaka askari wapande.

JICHO LA TAI
Wenzenu Goma nao walisema hivyohivyo, kwamba ni waasi wa porini tu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaandika 2024 kwamba wanajeshi wa Rwanda 3,000 mpaka 4,000 wako ndani ya Kongo pamoja na M23. Kigali inakataa, inasema inajikinga na FDLR, waasi wa Kihutu wa Rwanda walioko Kongo. Ila mji wa watu zaidi ya milioni ulianguka. Usidharau.

ISEVYA MJINI
Mimi niko Tabora naangalia tu. Shida ya Kigoma hata mkisimamisha boti zote mtamjua nani ni nani? Nusu ya mji huo ni Wakongo tayari. Muulize mtu wa Ujiji babu yake kazikwa wapi uone anavyobadilisha mada.

BINT UJIJI
We Isevya nakujibu. Babu yangu kazikwa Ujiji, baba yake kazikwa Ujiji, na walikuwa Wamanyema, kabila lenye asili ya Kongo, na sioni aibu kusema. Hao ndio waliojenga mji, hao ndio waliokuwa na kadi za TANU wakati wazee wengine wanaogopa hata kusikia jina. Stanley alimkuta Livingstone Ujiji 1871, wenyeji waliokuwa wanauza samaki pale mwembeni walikuwa kina nani, watu wa Isevya? Mmezoea. Mtu wa Kagera akiongea lugha moja na Mganda ni Mtanzania, Mmasai ana shangazi Kenya ni Mtanzania, Mmakonde ana kaburi la babu Msumbiji ni Mtanzania, ila Muha na Mmanyema lazima athibitishe kila asubuhi.

NAHODHA 40
Dada umemaliza.

ISEVYA MJINI
Dada hasira za nini, nimesema ukweli unaojulikana. Ukiona mtu anawaka hivyo ujue pamemgusa.

BINT UJIJI
Pamenigusa ndio. Mdogo wangu alikwenda ofisi moja ya serikali hapahapa nchini na cheti cha kuzaliwa cha hospitali, akaambiwa imba wimbo wa taifa. Kaimba. Akaambiwa taja majina ya makabila ya jirani zenu. Kataja. Akaambiwa alete mzee wa kumdhamini, mzee naye akaulizwa babu yake katoka wapi. Wewe Isevya uliwahi kuimbishwa wimbo wa taifa ili upewe karatasi? Sema ndio au hapana.

MWL. HERU JUU
Tuwe wakweli na historia jamani. Watu wa Tabora msiongee sana habari ya Kongo, Septemba 1916 mji wenu ulitekwa na jeshi lililotoka Kongo, askari weusi wa Kongo chini ya Wabelgiji, na Kigoma walikuwa wameshaichukua Julai. Wabelgiji wakakaa huku mpaka 1921. Kwahiyo hili la vita ya ng'ambo kufika kwetu sio jipya, na wakati huo Waingereza walivusha boti mbili ndogo za kivita kutoka Afrika Kusini kwa reli na kwa kukokotwa porini mpaka ziwani, wakawanyang'anya Wajerumani ziwa. Wajerumani wakaizamisha meli yao wenyewe, Graf von Götzen, Waingereza wakaja kuiibua 1924. Ndiyo Liemba hiyo.

KIJANA WA GUNGU
Mwalimu shikamoo, lakini Liemba na mada vinahusiana vipi?

MWL. HERU JUU
Marahaba. Vinahusiana kwa sababu mwenye ziwa ndiye aliyeshinda vita ya huku. Katubuka ana hoja na mmeiacha mnagombania makaburi.

ISEVYA MJINI
Mwalimu umekimbilia 1916, mimi naongelea leo. Sisi Tabora tuna Ulyankulu, tulipokea wakimbizi Warundi wa 1972, serikali ikaja kuwapa uraia zaidi ya 160,000 pamoja na wale wa Katumba na Mishamo, mwaka 2014. Wanajulikana, wana karatasi, wanalima tumbaku, hakuna anayewasumbua. Nyie huko watu wanaingia kwa boti jioni, mwezi ujao wanaitwa wajomba. Hiyo ndo tofauti.

BINT UJIJI
Hujajibu swali la wimbo wa taifa.

MJEDA MSTAAFU
Nimesoma kimya, naona mnapotea. Mleta mada kauliza jeshi. Kwanza nimwambie aliyesema milima ya watu: 2013 azimio 2098 la Umoja wa Mataifa lilipounda ile brigedi ya kushambulia, Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, kamanda wa kwanza alikuwa Mtanzania, Mwakibolwa, na Novemba mwaka huohuo M23 wakatangaza kuacha vita. Hatukwenda kutalii. Brigedi ile ilikuwa na ruhusa ya kushambulia, Afrika Kusini ilikuwa na helikopta za Rooivalk angani, na Rwanda ilikuwa inabanwa na wafadhili. Hii ya SADC iliyokwenda Desemba 2023 haikuwa na vitu hivyo. Ndege hakuna za kutosha, uwanja wa Goma ukafungwa, vijana wakabaki wamezungukwa. JWTZ ilitangaza kupoteza askari wawili Januari 2025. Machi SADC wakafuta misheni, wakatoka kwa barabara kupitia Rwanda mpaka Chato. Nyie mnajua maana ya jeshi kutoka vitani kwa kupita kwenye nchi inayotuhumiwa kumsaidia adui?

KIJANA WA GUNGU
Mzee lakini si M23 haohao waliua vijana wetu kumi na kitu 2016 kwa shambulio moja?

MJEDA MSTAAFU
Hapana. Ile ni Desemba 2017, Semuliki, Kivu Kaskazini upande wa Beni, na walikuwa ADF, kundi lenye asili ya Uganda. Vijana wetu 14 kwa usiku mmoja. Usichanganye, kila kundi lina mambo yake, na ukichanganya adui utapeleka jeshi lisilofaa mahali pasipofaa. Wale watoto nilizika mmoja wao, mama yake mpaka leo ananiita baba. Kwahiyo mtu akiniambia turudi Kongo nitamuuliza kwa ruhusa gani, kwa ndege zipi, na nani atatupa chakula njia ikifungwa. Akijibu, tuongee. Ziwani nakubaliana na Katubuka.

JICHO LA TAI
Mzee na droni je?

MJEDA MSTAAFU
Kijana, rada na mizinga ya kuangushia ni sehemu ya kulinda ziwa. Hayo hayajadiliwi hadharani.

NAHODHA 40
Mzee shikamoo, naheshimu kazi uliyofanya. Ila mnaposema kulinda ziwa mtu wa kwanza kusachiwa huwa ni mimi. Nimetoka Katonga na migebuka, nasimamishwa, nyavu zinavutwa, barafu inamwagwa, nafika sokoni samaki wameanza kulegea bei imekufa. Mwenye silaha anajua doria inapita saa ngapi. Anayeumia ni anayefuata njia ya kawaida.

ISEVYA MJINI
Ndo gharama ya usalama hiyo. Mkipekuliwa mnalalamika, msipopekuliwa mnatekwa.

BINT UJIJI
Gharama inalipwa na nani? Na wewe wa Tabora unalipa ngapi? Nikukumbushe, Mei 2013 Kikwete alisema Addis Ababa kwamba Rwanda ikae izungumze na FDLR, Kigali wakakasirika, hazijapita hata miezi sita tukaletewa Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wahamiaji haramu Kagera, Geita na huku Kigoma. Wapo walioondoka kwa sababu kweli walikuwa hawana haki ya kukaa. Na wapo waliobebwa huku wanalia kwamba wamezaliwa hapa. Marais wakikwaruzana huko juu, wanaoulizwa karatasi ni sisi. Uvira ikianguka tena mnadhani nani ataulizwa? Jicho la Tai? Mtu wa Masaki?

JICHO LA TAI
Mimi mbona umenitaja, sijasema lolote kuhusu uraia.

BINT UJIJI
Kwa sababu hukusema.

KATUBUKA MOJA
Jamani turudi. Nabadilisha kidogo ili tuelewane: boti zisisimame. Ziendelee, ila kila boti iwe na orodha ya abiria, jina na alikotoka, na ishuke Kibirizi au Ujiji tu mchana, bandari zipo zimejengwa. Usiku marufuku. Doria ikague orodha, isimwage barafu ya mtu. Nahodha hapo una tatizo gani?

NAHODHA 40
Mchana kuna upepo wewe. Miezi ya kusi ziwa linachafuka mchana, tunasafiri usiku kwa sababu maji yametulia. Ukisema mchana tu unaniambia nizamishe watu.

KATUBUKA MOJA
Basi iondoke usiku ifike alfajiri. Orodha je?

NAHODHA 40
Orodha sina neno. Hata sasa tunaandika, basi tu daftari halikaguliwi.

MWL. HERU JUU
Hapo mmefika pazuri. Na Burundi nayo ifanye hivyo hivyo, maana kipindi cha Uvira makumi ya maelfu walivukia kule na wengi hawatakaa kambini.

BINT UJIJI
Orodha itaandikwa na nani? Mama yangu mdogo yuko Baraka, akifariki nitavuka kuzika, nikirudi kwenye hilo daftari naandikwa nani?

KATUBUKA MOJA
Mtanzania dada, si una kitambulisho.

BINT UJIJI
Mimi ninacho. Mdogo wangu niliyewaambia hana, ana namba tu kwenye karatasi iliyochakaa, kadi haijatoka. Na ndiye tutakayekwenda naye msibani. Boti inafika alfajiri, doria iko pale na orodha, yeye ana lafudhi ya Ujiji na karatasi iliyokunjwa mara nne. Nijibu hapo.

ISEVYA MJINI
Asivuke.

BINT UJIJI
Sijakuuliza wewe. Namuuliza Katubuka na Mzee Mjeda.