Nianzie wapi kumfundisha mwanangu historia nyumbani?

Swali (Tabora): Ndugu zangu, namfundisha binti yangu wa miaka minane nyumbani. Kusoma na kuhesabu anaendelea vizuri, lakini historia imenishinda, kwa sababu kila nikianza na tarehe za wakoloni anazisahau zote kabla ya jioni. Nianzie wapi?

Jibu la kwanza: Dada, anza na bibi yake. Mtoto amwulize alizaliwa wapi, alikula nini na alisafiri kwa chombo gani, kisha mchore mstari mrefu ukutani na muweke humo kuzaliwa kwa bibi, kwako na kwake. Katika umri huo miaka 50 na miaka 500 ni mamoja mpaka aione kwa macho.

Jibu la pili (Ujiji): Nakubaliana, ila usiishie kwenye ukoo. Mpeleke Kwihara, hapo karibu na Tabora, akaone tembe (nyumba ya udongo) alimokaa mmisionari na mpelelezi Livingstone mwaka 1872, na umsimulie habari za Mtemi Mirambo, mtawala wa Wanyamwezi, na za misafara ya pembe za ndovu na watumwa iliyopita hapo Tabora kuja kwetu Ujiji. Habari ya utumwa usimfiche. Mweleze kwa maneno ya umri wake. Reli nayo ni somo zima: ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na ndiyo iliyobeba kutoka pwani vipande vya meli ya Ziwa Tanganyika iliyokuja kuitwa Liemba.

Muulizaji: Asanteni sana. Jumamosi tutaanza na bibi, na mstari tutauchora barazani.