Nilihudumia vijana kanisani likizo nzima, kisha kikundi kikafa: nilikosea wapi?

Mwanafunzi wa Dodoma anauliza:

Bwana Yesu asifiwe. Ninasoma chuo kikuu Dodoma, na likizo ndefu iliyopita niliitumia yote, majuma tisa kuanzia mwanzoni mwa Julai, nikihudumia vijana katika mtaa mmoja wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) mkoani Njombe, kijijini kwa mama yangu. Mchungaji wa usharika, mwenye mitaa mitano ya kuihudumia na pikipiki moja, alinikabidhi mambo mawili: kumsaidia mwinjilisti katika darasa la kipaimara, na kukiamsha kikundi cha vijana kilichokuwa kimelala. Sikulipwa wala sikutarajia kulipwa. Nilikula na kulala kwa bibi.

Jumamosi ya kwanza walikuja vijana 28. Jumamosi ya tatu walikuwa saba. Nilikuwa nimeandaa masomo yenye vichwa na vifungu kama mihadhara ya chuoni, na nilipoyaona mabenchi matupu nilidhani ni ulegevu wa kiroho, hata nikasema hivyo ibadani wakati wa matangazo. Mzee mmoja wa kanisa alinivuta pembeni akaniambia kwamba wakati huo watu wanachuma parachichi na kupakia mbao, kwamba kijana anayelipwa kwa siku haachi kibarua cha Jumamosi ili aje kusikiliza somo, na kwamba ningeuliza ningeambiwa. Tulihamishia kipindi Jumapili, mara baada ya mnada wa sadaka, tukarudi kuwa ishirini na kitu.

Hilo lilirekebishika. Linaloninyima usingizi ni la mkesha. Mwezi Agosti tuliandaa siku mbili za kulala kanisani, na kwa kuwa niliogopa wizi wa simu, nilitangaza kwamba mizigo yote itawekwa katika chumba kimoja na ufunguo nitaushika mimi. Kijana mmoja, ambaye alikuwa wa kwanza kujiandikisha, alijitoa siku hiyohiyo bila kueleza sababu, nami nikamtania mbele ya wenzake kwamba anaogopa baridi. Juma lililofuata bibi yake alikuja jikoni kwa bibi yangu, akaketi, akazungumza habari za mvua na za kuku, kisha kwa maneno machache sana akanieleza kwamba mjukuu wake hunywa dawa kila usiku saa tatu, tangu akiwa mdogo, na kwamba asingeweza kuja kuniomba ufunguo watu wote wakimtazama. Utafiti wa kitaifa wa 2016/17 ulionyesha kwamba Njombe ndiyo mkoa wenye kiwango cha juu kuliko yote nchini cha maambukizi ya VVU, zaidi ya asilimia 11 ya watu wazima. Takwimu hiyo niliijua, tena niliwahi kuiandika katika kazi ya darasani, na bado haikunijia kwamba ilikuwa imeketi mbele yangu kwenye benchi.

Niliondoka mwanzoni mwa Septemba. Mwezi Desemba msichana mmoja wa kikundi aliniandikia: "Kaka, siku hizi hatukutani." Mwenyekiti tuliyemchagua amekwenda Mafinga kutafuta kazi, na hakuna aliyeshika nafasi yake. Naomba ushauri wenu: likizo ijayo nirudi au nisirudi? Na ni jambo gani ambalo ningelifanya tangu juma la kwanza, huduma ile isingenitegemea mimi?

Mwinjilisti mstaafu anajibu:

Asifiwe milele, mwanangu. Nimekuwa mwinjilisti kwa miaka 31, na wanafunzi wa likizo nimewapokea wengi, wazuri na wa kawaida. Kabla sijakushauri nataka kukuuliza: tangazo lile la mkesha ulimwonyesha mwinjilisti wako kabla ya kulisoma? Nadhani hukumwonyesha. Mwinjilisti wa mtaa ndiye anayezika, anayewatembelea wagonjwa, anayejua nani analelewa na bibi na kwa nini. Angekwambia kwa sentensi moja tu, bila kumtaja mtu, kwamba kila kijana alale na mfuko wake, na wewe usingehitaji kujua zaidi ya hapo. Ulikabidhiwa kazi ya kumsaidia yeye, lakini katika maelezo yako yote anatajwa mara moja tu, mwanzoni kabisa.

Kuhusu kipaimara, kumbuka chanzo cha kitabu tunachofundishia. Luther aliiandika Katekisimu Ndogo mwaka 1529, baada ya kuzunguka katika sharika za Saksonia na kukuta watu hawazijui hata Amri Kumi, na aliikusudia kwa mkuu wa nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake. Sisi tumeitoa nyumbani tukaipeleka darasani, na darasa tukalikabidhi kwa mgeni, kisha mgeni akiondoka tunashangaa kwamba limekufa. Katika mtaa wangu wa mwisho niliacha kufundisha kila kitu mwenyewe. Nilikuwa nawapa watoto swali moja, lile la "Maana yake nini?", wakalijibu kwanza na mzazi au mlezi jikoni wakati wa kupika, ndipo walilete darasani. Mwezi haukuisha kabla wazazi kadhaa hawajaanza kunijia jioni, wakiwa na aibu, kuniomba niwakumbushe maneno waliyoyasahau tangu kipaimara chao wenyewe. Hivyo nikawa na madarasa mawili kwa mshahara uleule, ambao nao hukuwa wa kusimulia.

Kuhusu kurudi, rudi. Lakini juma la kwanza usifundishe lolote. Mfuate mwinjilisti anapokwenda, umbebee mkoba.

Kiongozi wa VIWAWA (chama cha vijana Wakatoliki), Tabora:

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Mkatoliki, na kwetu kijana huhesabiwa kwanza katika jumuiya ndogondogo ya mahali anapoishi, kabla hajawa wa chama chochote, kwa hiyo mengi aliyoyasema mzee wetu nayaunga mkono. Hata hivyo kuna mahali tunapotofautiana. Mzee anaona kwamba kasoro ilikuwa ugeni wa ndugu huyu, lakini tazameni: yule bibi aliyajua mambo ya mjukuu wake kwa miaka yote hiyo, na wazee wa kanisa alikuwa nao kila Jumapili, na bado aliyekwenda kumweleza ni mgeni, tena akamfuata jikoni. Vijana nao hufanya hivyohivyo. Kijana hatamweleza habari za pombe au za mpenzi wake mtu ambaye kesho atakutana na baba yake kwenye mashine ya kusaga, ila humweleza mtu ambaye atapanda basi mwezi wa tisa. Kuondoka kwako, ndugu yangu, kulikuwa sehemu ya kilichowafanya wazungumze.

Kosa ninaloliona mimi ni dogo na la kiutendaji. Mlichagua mwenyekiti mmoja, kijana wa kiume asiye na kazi, katika mkoa ambao kila kijana wa kiume asiye na kazi ana safari kichwani. Sisi hatuchagui mmoja. Huchagua wawili, na mmojawapo lazima awe mtu ambaye hatahama: fundi cherehani mwenye kibanda chake, mama kijana, au mwalimu wa shule ya msingi. Huyo msichana aliyekuandikia bado yuko hapo kijijini? Kama yupo, mwenyekiti wako ni yeye, kwani ndiye pekee aliyeona kwamba kikundi hakikutani akachukua hatua.

Mama wa Makambako:

Kaka, mimi nilikuwa kijana wa kikundi kama hicho, na nilipata kipaimara chini ya mwanafunzi wa likizo kama wewe. Masomo yake siyakumbuki hata moja. Nakumbuka kwamba alituahidi jezi za kwaya, na kwamba tulikuwa tukimwuliza mwinjilisti kila Jumapili kama zimefika, mpaka mwinjilisti akaanza kukasirika akisikia jina la kaka yule. Tuliacha kukutana kwa sababu kukutana kulikuwa kunatukumbusha jezi. Kwa hiyo naomba utuambie jambo ambalo hukuliandika: uliwaahidi nini?

Mwanafunzi wa Dodoma:

Nimelisoma swali la dada mara tatu kabla ya kujibu. Niliwaahidi kinanda. Siku ya kuagana niliwaambia kwamba tutachangishana chuoni, na nilikuwa nasema kweli, lakini zilipatikana fedha kidogo mno, nami nikanyamaza nikisubiri ziongezeke. Msichana yule yupo, anashona katika duka la shangazi yake, na sasa naona kwamba ujumbe wake ulikuwa na mstari wa pili ambao sikuunukuu hapo juu kwa kuwa niliuona hauhusiani: aliuliza kama kinanda kimepatikana.

Nimempigia simu mwinjilisti leo asubuhi, kwa mara ya kwanza tangu Septemba. Hakunigombeza. Ameniambia kwamba yule kijana wa mkesha bado anakuja ibadani, na huketi nyuma. Nitakwenda kabla ya Pasaka, kwa siku tatu tu, sitasubiri likizo, na kijana huyo nitamwomba radhi tukiwa wawili. Dada, naomba unisaidie jambo moja: habari ya kinanda niwaambie kwa simu kupitia kwa huyo msichana, au nisubiri nifike?

Mama wa Makambako:

Usimbebeshe msichana maneno yako. Waambie wewe, mbele yao, na iwe kabla ya mnada, kwa sababu baada ya mnada nusu yao watakuwa wameshaondoka.