Jengo kubwa hupimwaje uvujaji wa hewa?

Mwulizaji, Mazizini: Assalaam alaykum, ndugu zangu. Katika hoteli ninayoisimamia, viyoyozi hufanya kazi usiku kucha, lakini dari hutoka jasho na ukungu mweusi umeota nyuma ya makabati. Nitajuaje hewa ya nje inapenya wapi?

Chake Chake: Waalaykumu salaam. Feni kubwa hufungwa milangoni, matundu yaliyowekwa makusudi kupitishia hewa yakazibwa na milango ya ndani ikaachwa wazi, kisha hewa husukumwa hadi tofauti ya mgandamizo kati ya ndani na nje ifike, kwa kawaida, paskali 50 (paskali ni kizio cha mgandamizo). Hewa inayopita kwenye feni ndiyo inayovuja.

Mwanakwerekwe: Wakati huo pitisha chetezo cha udi kwenye fremu za madirisha, utauona moshi ukinyonywa ufani. Usipime kusi kikivuma kwa nguvu, kwani upepo huvuruga kipimo.