Ushauri jamani: wazazi hawataki watoto wakaone bundi

MwalimuWete: Assalaam alaykum. Nasomesha darasa la tatu hapa Wete. Kuna bwana jirani anauguza ndege walioumia, na ruhusa ya watu wa Misitu anayo. Sasa hivi ana mwewe aliyevunjika bawa na bundi mweupe aliyeokotwa chini ya dari la ghala la mpunga. Nataka kuwapeleka watoto Jumamosi. Mwewe hana neno, kila mtoto ana kisa cha kifaranga cha bibi yake. Ugomvi ni bundi. Fomu kadhaa zimerudi bila saini, mzazi mmoja kaandika pembeni: "Mwanangu haendi kutazama nuksi." Nimuache bundi au nishike msimamo?

Mkaanga_Pweza: Muache. Mtoto akishikwa homa usiku ule, hata ikiwa ya mbu, utatajwa wewe. Kwani wewe si wa hapa?

BintiKonde: Usimuache, mwalimu. Wageni wanakuja mpaka msitu wa Ngezi kumsikiliza bundi wetu mdogo, yule asiyepatikana popote duniani ila Pemba, na sisi tunampiga mawe! Lakini wazazi usiwahubirie. Muombe huyo bwana akuwekee vile vitonge anavyotapika bundi. Panya humezwa mzima. Nyama inasagika tumboni, manyoya na mifupa vinarudi mdomoni vimeshikamana. Roweka kitonge maji ya vuguvugu, watoto wavae glavu, wachambue kwa vijiti. Watakuta taya la panya na meno yake ya mbele, rangi ya chungwa. Wakimaliza wanawe kwa sabuni. Hiyo hadithi itafika nyumbani kabla yako.

Mzee_wa_Gombani: Mie nina ghala. Tangu bundi ahamie darini sijanunua sumu ya panya. Na hiyo sumu ndiyo inayowamaliza: panya aliyekula sumu huzubaa, bundi anamdaka kirahisi, naye anakufa. Huyo wenu kaanguka kwa nini? Waulizeni wenye ghala.

MamaWawili: Nyote mmesahau watoto wenyewe. Waingie wachache wachache, wasiguse, simu zisipige mwanga. Bundi akianza kugongesha mdomo, ta-ta-ta, ana khofu, warudi nyuma. Na wajaribu kutazama pembeni bila kuzungusha macho, maana ya bundi hayazunguki. Ndiyo anageuza shingo mpaka nyuzi 270. Sisi tuna mifupa 7 ya shingo, yeye 14. Wangu walishinda siku nzima wanageuza shingo, nikachoka mimi.

Mkaanga_Pweza: Mie nimeshasema yangu. Ila hayo meno ya chungwa ningeyaona.

MwalimuWete: Ahsanteni. Vitonge vipo, bwana anaviweka kwenye kopo la maziwa. Tena huyo mzazi wa nuksi ana ghala la mpunga! Mzee wa Gombani, utanisindikiza kwake kesho baada ya alasiri?

Mzee_wa_Gombani: Nakuja. Nauli ya kurudi juu yako.