Kuhamisha vitabu vya GnuCash hadi laptopu ya ex-UK: flashi, Google Drive au Syncthing?

Hesabu_Donholm
Wadau, hamjambo. Jumamosi nashuka Luthuli Avenue kuchukua laptopu ya ex-UK (iliyotumika Uingereza). Hesabu zote za nyumba ziko kwenye GnuCash, programu ya kuweka hesabu, kwenye kompyuta ya mezani: mshahara, kodi, karo, M-Pesa, mchango wa chama. Nataka zifike kwenye laptopu bila kupotea hata shilingi. Njia ninazolinganisha ni flashi, Google Drive, au ile Syncthing ya kuunganisha mashine mbili kwa Wi-Fi. Ipi bora? Na kama kuna programu nzuri kuliko hii ninayotumia, nitajieni sasa, maana nikishahama sitaki kuhama tena.

Waya_Mbili
Dada, umeuliza gari la kubebea mzigo bila kutaja mzigo. GnuCash toleo la ngapi? Faili ni ya XML (maandishi) au ya SQLite (hifadhidata)? Laptopu itakuwa na mfumo gani? Na kubwa kuliko yote: unahama moja kwa moja, au mashine zote mbili zitaendelea kuandikiwa? Kama unahama tu, flashi ya shilingi mia chache inatosha na uzi huu ungeweza kufungwa hapa.

Nukta_Mkato
Akisubiri kujibu, mimi nasema ahamie HomeBank, programu nyingine ya hesabu. Mtu wa hesabu za nyumbani hahitaji maingizo mawili kwa kila muamala. Faili ni moja tu, .xhb, unainakili na kazi imekwisha.

Waya_Mbili
Na atatoaje data GnuCash? Haitoi QIF, aina ya faili ya kuhamishia hesabu kati ya programu. Inapokea QIF, haitoi. Atapata CSV tu, jedwali la maandishi. HomeBank nayo inataka CSV yenye safu nane kwa mpangilio wake, zikitenganishwa kwa nukta-mkato, bila safu ya akaunti ya upande wa pili. Kila uhamisho kutoka benki kwenda M-Pesa utaingia mara mbili, kama pesa iliyotoka upande mmoja na pesa mpya iliyoingia upande mwingine, mpaka auoanishe kwa mkono. Kwa miaka kadhaa ya M-Pesa hiyo ni kazi ya mwezi mzima.

Nukta_Mkato
Anaweza kuanza upya Januari na salio la kuanzia. Watu wanang'ang'ania historia wasiyoisoma.

Hesabu_Donholm
Samahani, nilisahau. GnuCash ni 2.6.19, Windows 10. Laptopu muuzaji amesema ina Windows 11. Faili sijui ni ya aina gani, inaitwa nyumbani.gnucash. Historia naitaka, kuna karo za tangu 2017 humo.

Waya_Mbili
Sasa tunaongea. Ya 2.6 ni ya zamani: 3.0 ilitoka 2018, 4.0 ikaja 2020, 5.0 ikaja 2023. Usiruke kutoka 2.6 hadi 5 kwa hatua moja. Mara nyingi hufunguka vizuri, lakini kila mfululizo hubadilisha kitu ndani ya faili, na njia iliyojaribiwa zaidi ni ya kutoka mfululizo mmoja hadi unaofuata. Matoleo ya zamani yote bado yako SourceForge. Fanya hivi:

1. Kwenye ya mezani, endesha ukaguzi na urekebishaji wa miamala yote (uko kwenye menyu ya vitendo). Kisha toa ripoti ya mizania ya tarehe ya leo na uihifadhi kama PDF. Hicho ndicho kipimo chako.
2. Hifadhi kitabu kwa jina jipya, mfano nyumbani-26.gnucash, aina XML. Hapo ndipo utaona ilikuwa ya aina gani.
3. Funga programu. Si kuipunguza chini, kuifunga. Ukiona faili ya .LCK (kufuli ambayo GnuCash huweka kitabu kikiwa wazi) bado ipo kwenye folda, haijafungwa, au stima ilipotea ikiwa wazi.
4. Nakili, kisha linganisha alama za faili (msimbo unaokokotolewa kutoka yaliyomo) pande zote mbili: certutil -hashfile nyumbani-26.gnucash SHA256. Herufi zikitofautiana hata moja, nakili tena.
5. Kwenye laptopu weka toleo la mwisho la mfululizo wa 3, fungua, hifadhi kama nyumbani-3. Fanya vivyo hivyo kwa 4, kisha 5. Kila hatua toa mizania ya tarehe ileile na uilinganishe na PDF ya kwanza.

Ukishahifadhi kwenye 5, usitarajie 2.6 ifungue tena hiyo faili. Ndiyo maana majina yanatofautiana.

Linux_Umoja
Umesahau ripoti zake. Kitabu hakibebi ripoti alizojitengenezea wala mapendeleo. Katika 2.6 ya Windows zimo kwenye folda ya .gnucash ndani ya folda ya mtumiaji, faili inaitwa saved-reports-2.4. Kuanzia 3 zimehamia %APPDATA%\GnuCash na faili inaitwa saved-reports-2.8. Mapendeleo yako kwenye rejista ya Windows, hayo ayapange upya kwa mkono, ni dakika kumi.

Waya_Mbili
Kweli, ahsante. Na jambo ambalo wenye ex-UK hulijua wakishaumia: mashine nyingi huja zikiwa zimepangwa eneo la Uingereza. GnuCash huchukua sarafu chaguo-msingi kutoka kwenye mpangilio huo. Vitabu vya zamani vitabaki na shilingi, lakini akaunti mpya ya ngazi ya juu inaweza kuzaliwa kwa pauni usitambue, na ripoti zikaanza kukugeuzia jumla kuwa pauni kwa bei isiyokuwepo. Akaunti ikishaingia miamala si rahisi kuibadili sarafu. Kabla ya kufungua chochote, badilisha eneo kuwa Kenya, kisha kwenye mapendeleo ya akaunti uchague KES mwenyewe badala ya kuiachia mfumo. Fanya hivyo na upande wa ripoti.

Mteja_Kimathi
Na kibodi ya Uingereza! @ na alama za kunukuu zimebadilishana nafasi. Utakosea nenosiri la barua pepe mara tatu kabla ya kugundua.

Hesabu_Donholm
Nashukuru sana. Lakini kuna kitu sikusema. Mzee wa nyumba huingiza matumizi ya gari jioni kwenye ile ya mezani, nami nitakuwa naingiza ya nyumbani kwenye laptopu. Kwa hiyo zote mbili zitatumika. Ndiyo maana niliuliza Syncthing.

Waya_Mbili
Hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza, dada. Basi flashi imekufa, na ya mezani nayo lazima ipandishwe hadi toleo lilelile la 5. Mashine mbili, toleo moja, hakuna mjadala. Na mjue GnuCash si ya watu wawili kwa wakati mmoja, hata ukiiweka kwenye hifadhidata ya MySQL.

Linux_Umoja
Syncthing. Haihitaji bando, faili hazitoki nyumbani, na kitabu chenyewe ni MB chache tu. Weka folda moja yenye kitabu pekee, washa utunzaji wa matoleo ya zamani, na kwenye .stignore (orodha ya faili ambazo Syncthing isizibebe) andika `*.LCK`, `*.log` na `*.gnucash.*.gnucash` ili takataka zisizunguke. Kitabu kiwe XML. SQLite huandika kwenye faili kila muamala, Syncthing ikiibeba katikati ya kuandika unapata kitabu kilichovunjika. XML huandikwa kwenye faili ya muda kwanza, kisha hubadilishwa jina.

Mweka_Hazina
Sikubaliani na *.LCK. Hiyo ndiyo kengele pekee iliyopo. Ikisafiri, mashine ya pili itakataa kufungua na kuuliza kama unataka kusoma tu. Ukiificha umewaondolea mlinzi mlangoni.

Niwaeleze jinsi vitabu huharibika, maana watu hudhani vitagongana kwa kelele. Chama kimoja kilikuwa na kitabu kwenye folda ya huduma ya mawingu, kompyuta ya ofisini na laptopu ya nyumbani. Ijumaa jioni mweka hazina wao akaifunga kompyuta ya ofisini kwa kuilaza tu, GnuCash ikiwa wazi. Jumamosi akaandika michango ya mkutano kwenye laptopu, akahifadhi, ikapanda mawinguni salama. Jumatatu kompyuta ya ofisini ikaamka. Huduma ikashusha faili ya Jumamosi kama inavyopaswa. Lakini GnuCash haikusoma tena faili, bado ilikuwa na kitabu cha Ijumaa kwenye kumbukumbu. Akaandika muamala mmoja wa karatasi za printa. Baada ya dakika tano, hifadhi ya kujiendesha ikaandika kitabu cha Ijumaa pamoja na karatasi za printa juu ya kile cha Jumamosi.

Hakuna faili ya mgongano iliyotokea, angalieni hapo. Kwa huduma, mashine ilikuwa tayari na toleo jipya, kisha mtumiaji akalibadilisha. Halali kabisa. Ikapandisha, laptopu nayo ikashusha.

GnuCash kabla ya kuhifadhi huweka nakala ya faili iliyokuwepo, yenye tarehe na saa kwenye jina. Kwa hiyo kitabu cha Jumamosi kilikuwepo, folda ileile. Lakini mpangilio wa kawaida ni kutunza nakala hizo na faili za .log siku 30. Waligundua wakati wa kugawana faida, miezi miwili baadaye. Walikaa na ujumbe wa M-Pesa wa kila mwanachama, mmoja mmoja.

Linux_Umoja
Hiyo ni kosa la kulaza mashine, si la folda. Na .LCK isingemsaidia vilevile: mtu akiikuta kila mara kwa sababu stima imepotea, anazoea kubofya "fungua hata hivyo".

Mweka_Hazina
Ndiyo, na kwa sababu hiyo nanunua UPS (betri ya akiba ya kompyuta) kabla ya kununua RAM. Lakini .LCK ya Ijumaa ingekuwa mawinguni Jumamosi asubuhi, ingemfanya angalau aulize. Wewe unapendekeza asiulizwe.

Waya_Mbili
Nyote wawili mnaacha jambo moja. Syncthing inahitaji mashine zote ziwe zimewashwa wakati mmoja. Laptopu ikiwa kazini na ya mezani imezimwa, hakuna kilichosafiri, .LCK wala kitabu. Google Drive ina mtu wa katikati, angalau inapokea usiku na kukabidhi asubuhi. Kwa watu wawili wasiokaa kwenye meza wakati mmoja hiyo ni tofauti kubwa. Ubaya wake ni kwamba kitabu cha GnuCash hakina nenosiri. Anayeingia kwenye akaunti yako ya barua pepe anasoma mshahara wako.

Na dada, vyovyote mtakavyochagua, badilisha siku 30 ziwe za kudumu kwenye mapendeleo. Diski haitajaa.

Mteja_Kimathi
Kwa nini wasiandike kwenye mashine moja tu? Laptopu iwe ndiyo kitabu, mzee aandike ya gari kwenye simu au daftari, dada aingize Jumapili. Mafuta na gereji ni mistari mingapi kwa wiki?

Nukta_Mkato
Au Money Manager Ex, ina programu ya Android na faili ya .mmb ni moja. Mzee aandike akiwa kituo cha petroli.

Waya_Mbili
.mmb ni SQLite. Soma alichoandika Linux_Umoja hapo juu.

Mweka_Hazina
Mkifika kwenye M-Pesa, tahadhari moja. Taarifa huja kama PDF yenye nenosiri, kwa hiyo lazima igeuzwe CSV kwanza. Ada ya paybill huwa kwenye mstari wake lakini kwa namba ya risiti ileile ya malipo. Ukiondoa marudio kwenye lahajedwali kwa kutumia namba ya risiti, unafuta ada zote, na salio halitakaa sawa mpaka ufe. Ondoa kwa risiti pamoja na kiasi.

Mteja_Kimathi
Na flashi za kando ya barabara zilizoandikwa 512GB kwa bei ya chai, zipime kwanza na H2testw, programu ya kupima ukubwa halisi wa flashi. Nyingi zina sehemu ndogo tu ya hizo ndani, zikijaa zinaandika juu ya vilivyotangulia na Windows inakuambia kila kitu kiko sawa.

Linux_Umoja
Kwenye Linux ni f3write kisha f3read. Ndiyo maana hatua ya nne ya Waya_Mbili si mapambo. Lakini ilinganishe baada ya kuchomoa flashi na kuichomeka tena, la sivyo kompyuta inaweza kukusomea kutoka kwenye kumbukumbu yake.

Hesabu_Donholm
Nimesoma yote, baadhi mara mbili. Hatua za kupandisha toleo nimezichapisha. Nimemuuliza mzee kuhusu kuandika kwenye simu, akasema yeye hawezi kuripoti matumizi yake kwa mke kila Jumapili. Na ile ya mezani hawezi kuizima, huilaza tu, kwa sababu inachukua dakika sita kuwaka.

Mweka_Hazina
Huilaza.

Waya_Mbili
Dakika sita? Ina diski ya aina gani hiyo, ya kuzunguka? Weka SSD ya 240GB kabla hata ya kununua laptopu. Ni modeli gani?