MREJESHO: ile ishu ya big, large na great

Wakuu nimerudi, mimi ndo yule niliyeuliza big, large na great zinatofautianaje maana sisi huku kila kitu ni kubwa tu, mvua kubwa, foleni kubwa, kosa kubwa. Nilichoshika ni kwamba unaangalia jina linalofuata, idadi na kiasi vinataka large, kosa na tofauti zinaenda na big, heshima na furaha ni great. Ila mvua na foleni ya Ubungo zote heavy, upepo nao strong, hapo nilishangaa sana aisee! Jana nimeandika ripoti ya mafuriko ya Jangwani, mvua nikaipa heavy na bosi hajagusa kitu. Aliyenielekeza kwa mifano ubarikiwe sana, sasa hivi napambana na tall na high.